Mimba tatu zimenitoka na hii ya nne imeanza kuonesha damu: nizimeze hizi dawa za homoni za Maskati?

Asalaam alaykum Bi Mkunga,

Natumai u mzima na walio kwako wote wazima. Mie ni mwanamke wa miaka 29, nakaa Wete, Pemba, nimeolewa huu mwaka wa tano na sina mtoto. Si kwamba sishiki mimba, kushika nashika tena haraka, shida yangu kuiweka. Nshapoteza tatu. Ya kwanza ilitoka wiki ya 8, nikasema basi ndo mipango ya Mungu, kila alokuja kunipa pole alinambia fulani nae ya kwanza ilimtoka na leo ana watoto sita. Ya pili wiki ya 7. Ya tatu ndo ilonimaliza maana ilifika wiki ya 10, nilikuwa natapika kila asubuhi, harufu ya samaki siitaki hata ya jirani, nikasema hii sasa ndo yenyewe. Siku hiyo nimekaa barazani nachambua mchele, nikasikia kitu cha moto kinashuka, nikainuka nikaona kanga imeshalowa, na ule ungo wa mchele nikauwacha palepale, jioni kuku wameumaliza wote. Mpaka leo nikichambua mchele roho yangu inaniruka.

Sasa nimeshika tena. Kwa hesabu ya siku zangu niko wiki ya 7 kasoro siku mbili. Hajui mtu isipokuwa mume wangu na wifi yangu mmoja alioko Maskati. Huyu wifi nae alitokwa na mimba mbili, akaenda kwa daktari wa kule, akapewa vidonge vya homoni tangu wiki aliyopima mpaka mwezi wa tatu, na mtoto wake sasa anakwenda chekechea. Nilipomwambia tu akanitumia boksi mbili kwa mgeni aliekuwa anakuja huku, kazificha ndani ya soksi ya mtoto mchanga katikati ya makopo ya halua. Ile soksi nilipoiona nililia. Vidonge vimeandikwa dydrogesterone miligramu 10. Anasema nimeze kimoja asubuhi kimoja usiku na nisimwambie mtu.

Bado sijaanza kumeza, naogopa. Nilikwenda spitali moja nikamuelezea daktari kila kitu, hata hakuniangalia, anaandika tu, akanambia "mimba ikitaka kutoka itatoka, we njoo ukifika wiki ya 12 uanze kliniki." Bi Mkunga, mimba zangu zote hazijafika hiyo wiki ya 12, sasa nije nikiwa na nini? Nikapita duka la dawa nikamuuliza kijana pale, akasema ipo sindano ya kushikilia mimba, nikachomwe kila wiki, nimpe hela anitafutie kutoka Unguja. Mavyaa wangu nae anahisi kitu, maana nimeacha kubeba ndoo, keshasema niende kwa bibi mmoja Konde anikande tumbo kizazi kipande, na mwalimu aniandikie kombe, kwa sababu yeye anaamini mie nimepigwa jicho siku ya harusi.

Haya, yote hayo nilikuwa nayabeba. Juzi usiku nimekwenda chooni nikaona tone. Dogo, rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyomwagika. Jana likaja jengine, jekundu kidogo. Maumivu makubwa sina, ila kiuno kinanivuta. Sijamwambia mume wangu, yuko Chake kwenye biashara zake na ile ya tatu ilimuumiza kuliko anavyoonesha.

Naomba unambie mama yangu, nivimeze hivi vidonge? Au sindano? Au nipime kwanza damu nijue homoni zangu ziko chini? Na Ramadhani inakaribia, kama dawa yenyewe ni ile ya kuweka huko chini nilosikia, nitafungaje? Na unambie kweli, ni mie nilokosea kitu?

Mwanao, Wete

*

Waalaykumu salaam mwanangu,

Nianze na hilo la mwisho maana najua ndo linalokunyima usingizi. Hukukosea kitu. Si ndoo, si ungo wa mchele, si kulala na mumeo, si kuinama kufua. Mimba inayotoka kabla ya miezi mitatu, karibu nusu yake ni kwamba lile yai na mbegu zilipokutana hesabu ya kromosomu haikukaa sawa, mtoto mwenyewe hakuumbika wa kuweza kuishi, na hilo limeshaamuliwa siku ile ile ya mwanzo kabla hata hujakosa hedhi. Na linatokea kwa wengi, kama mimba 15 katika kila 100 zilizojulikana hutoka, ila wanawake hawasemi, wanafunga kanga kiunoni wanaendelea kupika. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi hapa visiwani na sijakutana bado na mimba ilotolewa na ndoo moja ya maji.

Sasa la haraka. Damu ya kahawia na kiuno kuvuta si lazima iwe mimba inatoka, wanawake wengi wanaona tone miezi hii ya mwanzo na wanazaa salama. Lakini wewe ushapoteza tatu na sasa unatoka damu, na hivyo vitu viwili vikikutana ndipo hii dawa ya homoni ilipoonekana kusaidia kweli. Kwa hiyo yule alokwambia usubiri wiki ya 12 alikukosea. Usisubiri. Kesho asubuhi panda gari uende spitali yenye altrasaundi na daktari wa kinamama, iwe hapo Wete kwenyewe, Chake, au Abdulla Mzee kule Mkoani, utakakompata kwanza.

Hebu nikueleze hii homoni inafanya nini, maana ukiielewa hutodanganywa na mtu dukani. Inaitwa progesteroni. Yai likishatoka kwenye kokwa lako, pale lilipotoka panabaki kifuko kidogo cha manjano, na hicho kifuko ndo kinachotengeneza progesteroni wiki za mwanzo, inatandika kitanda ndani ya kizazi, inafanya kizazi kitulie kisijikunje. Ikifika kama wiki ya 8, 9 hivi, kondo la nyuma linachukua kazi na kile kifuko kinapumzika. Ndo maana watu walifikiri tangu zamani, kama mimba inatoka wiki za 7 na 8, basi labda progesteroni ni kidogo, tuongeze. Fikra nzuri, ila haikuwa rahisi hivyo.

Na hapa nakujibu la kupima damu. Usitie pesa zako huko. Progesteroni inapanda na kushuka ndani ya siku moja, ukipima saa mbili na ukipima saa nane unaweza kupata majibu mawili. Na kubwa zaidi, mimba ikiwa imeshakufa yenyewe basi homoni lazima zishuke, sasa mtu anaona namba ndogo anasema "mimba imetoka kwa sababu homoni zilikuwa chini" kumbe homoni zimeshuka kwa sababu mimba imekwisha. Ni kama kuona taa ya jiko imezima ukasema ndo ilomaliza mafuta.

Wenzetu Uingereza walikaa wakalipima hili jambo vizuri mara mbili, na majibu yake yanakuhusu moja kwa moja. Utafiti wa kwanza ulitoka 2015, waliufanya na Uholanzi pamoja, wanawake 836 ambao wote wameshapoteza mimba tatu au zaidi bila sababu kujulikana, kama wewe. Nusu walipewa progesteroni ya kuweka ukeni tangu walipojua wana mimba mpaka wiki ya 12, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho lakini hakina dawa ndani. Walopewa dawa, karibu 66 katika 100 walizaa mtoto hai. Walopewa kile kisicho na kitu, 63 katika 100. Yaani tofauti hakuna ya kusema. Lakini mwanangu hebu irudie hiyo namba ya pili. Wanawake waloharibikiwa mara tatu na zaidi, bila dawa yoyote, 63 katika kila 100 walizaa. Hiyo nataka uiweke kichwani usiku ukiamka na hofu.

Utafiti wa pili ulitoka 2019, huo ulikuwa mkubwa zaidi, wanawake 4,153, na hawa walichaguliwa kwa sababu walikuwa wanatoka damu mimba ikiwa changa. Ukiwachukua wote kwa pamoja, 75 katika 100 walizaa kwa dawa na 72 bila dawa, tofauti ndogo hata hao wataalamu wenyewe hawakuweza kuapa nayo. Lakini walipowatenga kwa idadi ya mimba walizowahi kupoteza ndo wakaona jambo. Ambae hajawahi kupoteza, dawa haikumuongezea kitu. Ambae alipoteza moja au mbili, ilimuongezea kidogo, 76 kwa dawa na 72 bila dawa. Na ambae alipoteza tatu au zaidi halafu sasa anatoka damu, 72 kwa 57. Hapo ndo wewe ulipo, na kumi na tano katika mia si kitu kidogo. Si kwamba dawa inaishika kila mimba, hapana, ile ambayo haikuumbika sawa itakwenda tu hata umeze boksi zima, lakini kati ya wanawake mia kama wewe kuna kumi na tano ambao pengine wasingezaa na wakazaa.

Kwa hayo ndo mwezi Novemba 2021 Waingereza wakabadilisha mwongozo wao wa matibabu, wakasema mwanamke anaetoka damu, aliewahi kuharibikiwa mimba, na altrasaundi imeonesha mimba iko ndani ya kizazi, apewe progesteroni ya ukeni miligramu 400 mara mbili kwa siku, na moyo wa mtoto ukishaonekana aendelee mpaka atimize wiki 16. Nimekuandikia hivyo kwa urefu ili uende nayo. Daktari asieangalia mtu usoni, ukimwambia "nataka homoni" atakwambia nenda nyumbani. Mwambie hivi: nimepoteza tatu, zote kabla ya wiki 11, sasa natoka damu, naomba altrasaundi, na mimba ikionekana ndani je nafaa kupewa progesteroni ya ukeni 400 asubuhi na usiku? Liandike kwenye karatasi kama utaona haya. Akikataa muulize sababu kwa adabu, pengine anayo, labda ini lako au umewahi kuganda damu mguuni, hayo ni mambo ya kumwambia mapema. Akiwa hana sababu, tafuta daktari mwengine, au uende Unguja, Mnazi Mmoja.

Kwa nini nakazania altrasaundi kabla ya dawa? Kwa sababu damu na mimba changa inaweza kuwa mimba imekaa kwenye mrija nje ya kizazi, na hiyo haina homoni ya kuiokoa, hiyo inapasuka na inaua. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au maumivu kwenye ncha ya bega bila kuumia bega, au kizunguzungu cha kuanguka, hapo husubiri asubuhi, unaamsha mtu usiku huo huo mnakwenda. Vivyo hivyo damu ikijaza pedi mbili ndani ya saa moja, au homa na uchafu wenye harufu. Hilo usilifanyie siri hata kwa mavyaa.

Na wiki yako hii ya 7 kasoro, inawezekana moyo ukaonekana, inawezekana usionekane bado, hasa kama siku zako huwa hazikai sawa. Wakikwambia kifuko kipo lakini moyo hatujauona, usianze kulia kwenye kiti pale, mimba inaweza kuwa changa tu kuliko ulivyohesabu, unarudi baada ya siku 7 au zaidi unapigwa tena. Mtu asikusafishe kizazi kwa picha moja ya wiki ya 6. Nshaona mambo hayo na yananiuma.

Sasa hivyo vidonge vya wifi yako. Sivitukani, wala wifi yako simlaumu, kafanya kwa mapenzi, ile soksi imenitoa machozi na mimi. Dydrogesterone si sumu, ni ndugu wa progesteroni aliotengenezwa kiwandani, inatumika nchi nyingi tangu miaka mingi na madaktari wa Maskati wanaiandika sana. Lakini zile tafiti mbili kubwa nilizokuhadithia na ule mwongozo ni za progesteroni yenyewe, ya ukeni, si hivi vidonge. Kwa hiyo chukua boksi zote mbili, na karatasi lake la ndani, umpelekee daktari uzitie mezani. Ikiwa ile ya ukeni haipatikani huku Pemba, na inaweza isipatikane kila duka, yeye ndo ataamua kama utumie hizi na kwa kipimo gani. Usianze peke yako usiku huu kwa siri. Homoni inaweza kuchelewesha damu kutoka hata mimba ikiwa imeshasimama, unabaki umetulia unafikiri mambo mazuri kumbe ndani pamekwisha wiki mbili. Ndo maana hata ukipewa, lazima urudi kupigwa picha.

Ya sindano ya yule kijana, hiyo hapana. Sindano ya kushikilia mimba ndo nini? Ina jina gani? Muulize akuoneshe kichupa, utaona anababaika. Zipo sindano za homoni za namna nyingi, ipo hata ile ya uzazi wa mpango ambayo nayo ni ya ukoo huo huo wa progesteroni, na mtu wa duka kwake yeye homoni ni homoni. Na usifikiri dawa ya "kushikilia mimba" haiwezi kudhuru. Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 1940 madaktari wenyewe, wenye vyeti vyao, waliwapa wajawazito homoni moja ya kutengeneza ikiitwa diethylstilbestrol ili mimba zisitoke. Haikuzuia kitu. Halafu 1971 ikagundulika baadhi ya mabinti walozaliwa na wale mama wanapata saratani ya uke wakiwa bado wasichana. Progesteroni si hiyo, nieleweke, lakini ndo uone kwa nini nataka jina la dawa na kipimo chake viandikwe na mtu anaejua anachofanya.

Tumbo lisikandwe. Namheshimu bibi wa Konde, mimi mwenyewe nimelelewa na bibi mkandaji, lakini mimba ya wiki ya 7 iko ndani ya mfupa wa nyonga, haishikiki kwa mkono, anachokanda pale ni utumbo wako, na kama kuna mimba ya mrija anaweza kuipasua. Kombe sikukatazi, zafarani na maji ya marashi kikombe kimoja pamoja na dua ya mzee si jambo la kugombana na mavyaa kwa ajili yake, ila maji yawe yamechemshwa na sahani iwe safi. Miti ya kuchemsha ndo sitaki, na mwarubaini kabisa usiguse. Wala usijilaze kitandani wiki nzima umeinua miguu kwenye mto, watu wanapenda kuwaambia hivyo wajawazito lakini kulala hakujaonekana kuizuia mimba kutoka, kunakuongezea mawazo tu, na miguu isiyotembea damu yake inaganda. Fanya kazi nyepesi. Ndoo kama kuna mwengine wa kubeba, abebe, si kwa sababu itatoa mimba bali kwa sababu we umechoka.

Umeuliza Ramadhani. Ukipewa ile ya ukeni, haina haja ya kuwekwa mchana. Moja baada ya futari na sala ya Isha ukishajilaza, moja wakati wa daku kabla ya alfajiri, zinapishana masaa ya kutosha. Wanachuoni wetu wengi huku wanasema kuingiza kitu huko mchana kunafunguza, kwa hiyo ukiweka usiku umejitoa kwenye mjadala. Na dini yenyewe imempa mjamzito anaejihofia au anaemhofia mtoto ruhusa ya kula na akalipa baadae, hilo muulize shehe unaemuamini na umueleze hali yako yote, tena ukiwa unatoka damu na umeharibikiwa tatu sioni atakaekushurutisha. Kuhusu udhu, dawa hii inayeyuka inatoka kama mafuta meupe au ya manjano, utahitaji pedi nyembamba, hilo nalo uliza mapema usije ukashangaa msalani ukafikiri kuna jambo baya. Nawa mikono, jiwekee ukiwa umelala kwa mgongo, ubaki umelala kama nusu saa usiamke. Utasikia usingizi na kizunguzungu kidogo, maziwa kuuma, ndo zake. Na zinayeyuka kwa joto letu hili, kama mtu anakuletea kutoka Unguja kwa boti asiziache kwenye begi juani bandarini Malindi masaa matatu, soma boksi limeandika joto gani na uziweke pahala penye baridi.

Kuna jengine ambalo hakuna alokwambia, na mie ndo linalonikera zaidi. Mtu aliepoteza tatu anatakiwa apimwe kujua kwa nini, hata kama mara nyingi sababu haipatikani. Ukiwa huko omba wakupime sukari, tezi ya shingo, kaswende, wingi wa damu na kundi lako la damu. Tena kuna ugonjwa mmoja wa damu kuganda unaoharibu mimba hasa kama hizi zako, unapimwa kwa kingamwili za damu mara mbili, vipimo vinapishana wiki 12, kipimo hicho pengine utalazimika kukitafuta Unguja au Dar, lakini uulize, maana ukiwa nao dawa yake si progesteroni, ni aspirini ndogo na sindano za heparini, na wanawake wengi wamezaa nazo. Usianze aspirini mwenyewe sasa hivi unapotoka damu. Na altrasaundi iangalie umbo la kizazi, wengine kina ukuta katikati. Foliki asidi kama hujaanza anza leo, miligramu 0.4, hiyo haina ubishi.

Mumeo mwambie usiku huu. Najua unamlinda. Lakini umeandika mwenyewe kwamba ile ya tatu ilimuumiza kuliko anavyoonesha, basi huyo ni mtu anaejua kuumia, na kesho kwenye benchi la spitali utamhitaji akae pembeni yako, na huyo daktari asieangalia watu usoni mara nyingi huinua kichwa akimuona mume kakaa hapo. Ndo dunia yetu ilivyo, hainifurahishi lakini itumie.

Ukienda nenda na kadi zako za zamani, tarehe za mimba zote tatu ziandike na wiki zake, na siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kunywa maji vizuri kabla hujaingia, wakipiga kwa juu ya tumbo wanataka kibofu kijae, wakiamua kupiga kwa ndani watakwambia ukakojoe kwanza, na hiyo ya ndani usiikatae kwa kuona haya, ndo inayoona vizuri mimba ya wiki hizi na wala haiitoi. Omba mpimaji mwanamke, mara nyingi yupo.

Halafu niandikie walichokiona. Na hizo dawa za wifi zitoe humo ndani ya soksi uziweke kwenye mkoba wa kesho. Soksi iwache kabatini.